Lebo ya jambia la babu tuandike nini?

Waalaikum salaam kaka yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, alafu nikakaa na zile picha tano nikizikuza moja moja, nimechelewa kujibu manake jambo hili liko moyoni mwangu miaka mingi na sikutaka nikujibu mbio mbio.

Kwa wasomaji wengine, kisa chenyewe ni hiki. Kaka anaangalia gesti ya familia yao pale Malindi, na sebuleni wametundika vyuma vitano vya zamani: jambia la babu yake, upanga mrefu mnyoofu, sime, kris (kile kisu cha Java) iliyoachwa na mgeni mmoja, na kisu kilichopinda ambacho hakijui. Sasa wanataka kuviandikia lebo wageni wasome. Akaweka picha ya jambia onlaini, mkusanyaji mmoja wa nje akamkatiza pale pale kwamba hio si jambia, ni khanjar, na kwamba mtu anayejua hawezi kusema jambia. Kaka akavunjika moyo, sasa anauliza: tutumie haya majina ya kienyeji ama tuandike tu kisu cha kale na upanga wa kale tuepuke aibu?

Usiandike kisu cha kale. Tumia majina ya wenyewe. Kazi kubwa iko kwenye kujua wenyewe ni kina nani, sababu chuma kinatengenezwa pahali pamoja, kinatiwa mpini pahali pengine, kinavaliwa pahali pa tatu, na kote huko kina jina.

Tuanze na la babu. Neno jambia limetoka kwa Waarabu wa Yemen na Hadhramaut, wao wanasema janbiya, kutoka neno janb yaani ubavu, kitu cha kuvaa ubavuni. Waomani kitu kama hicho wanakiita khanjar. Sasa fikiria bandari zetu, Lamu, Pate, Malindi, Mombasa: majahazi ya kaskazi yalikuwa yanaleta Mhadhrami na Muomani kwa msimu mmoja, huyu na janbiya yake na yule na khanjar yake, na watu wetu wakaangalia wakaona ni kitu kimoja, kisu kilichopinda cha kuvaa kiunoni chenye ala ya kujipinda, wakachukua neno moja wakaliswahilisha likawa jambia, wingi majambia. Hapa Lamu bwana harusi akivishwa joho na kilemba anapachikwa jambia kiunoni na upanga mkononi, na sijasikia hata siku moja mtu akiuliza jambia hilo ni la Yemen ama la Muscat, watu wanasema leteni jambia, basi. Kwa hivo yule mkusanyaji anajua jina la kitu huko kilikofuliwa, wewe unajua jina la kitu huku kilikoishi. Babu yako alilivaa akiliita jambia, bibi yako akalifunga na kitambaa akalitia kashani akiliita jambia. Hakuna mtu wa kuja kumwambia bibi yako amekosea.

Ila yule mkusanyaji usimpuuze pia, manake kuhusu kazi ya mkono yuko sawa. Kwenye picha yako ala imejikunja karibu pembe mraba, imezungushiwa uzi wa fedha, na pale inapokutana na mkanda nimehesabu pete saba. Hio ni kazi ya Oman, na pete saba kwa kawaida ni ile aina wanayoiita Saidi, ya jina la ukoo wa masultani wa Al Said, aina nyingine nyingi zina pete nne. Ya Yemen ungeiona tofauti, ile ya watu wa makabila ala yake imejipinda kama ndoana inarudi juu, inaitwa asib. Waomani wanakithamini sana hiki kitu, kiko kwenye bendera yao tangu mwaka wa 1970 na UNESCO wakakiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka wa 2022. Kwa hivo lebo yako ningeiandika hivi: Jambia, kazi ya Oman, ambako huitwa khanjar, lilivaliwa na babu yetu Malindi. Na kwenye lebo ya Kiingereza neno jambia liache vile vile lilivo, usilitafsiri, na usiliandike kwa herufi za vitabu vya wageni eti ndio lionekane la kisomi. Lina tahajia yake, jambia.

Alafu elewa hata hilo neno khanjar si la Oman peke yao. Waturuki wana hançer, India kuna khanjar ya umbo lingine kabisa, Bosnia pia neno limefika. Kwa hivo ukiandika khanjar peke yake, bila kusema ya wapi, bado hujamwambia mgeni kitu.

Kitu kimoja kabla sijatoka hapo, na hiki si cha majina lakini siwezi kukinyamazia. Mpini wa hilo jambia una rangi ya asali na kwenye picha ya jua naona kama nyuzi nyuzi ndani. Umulike na tochi kutoka nyuma. Ukiona mwanga unapita na nyuzi zinaonekana, kuna uwezekano ni pembe ya faru, mipini mingi ya zamani ilikuwa hivo. Biashara hio ndio ilichangia kuwamaliza faru wetu, Kenya ilikuwa na faru weusi kama 20,000 mwaka wa 1970, ilipofika mwisho wa miaka ya themanini walikuwa wamebaki mia chache tu, na pembe nyingi zilikuwa zinakwenda Yemen kuwa mipini ya majambia hadi wao wenyewe wakapiga marufuku kuziingiza mwaka wa 1982. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 ni kali kaka, kukaa na pembe bila kibali ni kosa hata kama ni ya urithi. Usiiuze, usiipeleke nje, nenda KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, uwaeleze na upate makaratasi kabla ya kuitundika mbele za wageni.

Sasa upanga mrefu mnyoofu. Hapa nikwambie jambo lililonitokea mwenyewe. Miaka ya nyuma nilipewa kazi ya kuandikia lebo panga za nyumba moja hapa Lamu, na kulikuwa na moja kama hii yako, bapa refu jembamba linalopinda ukilitikisa, mpini wa duara mrefu kama mchi mdogo uliovikwa ngozi, hauna kikinga mkono. Nikafungua kitabu cha silaha kilichoandikwa na wageni nikakuta inaitwa kattara, nikaandika kattara. Baada ya muda akaja mzee mmoja mgeni kutoka Muscat, akaisoma lebo, akanishika mkono kwa upole, akaniambia mwanangu, huu kwetu ni sayf, ndio tunaochezea, kattara kwetu ni ule uliopinda. Niliona uzito sana siku ile, sababu jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu mwenyewe. Sisi Waswahili tuna neno kitara, na kamusi zetu zinasema kitara ni upanga uliopinda! Mtu amekua na neno kitara tangu utotoni alafu anaangalia upanga mnyoofu kama rula anaandika kattara kwa sababu kitabu kimesema. Tangu siku hio naanza na ulimi wa nyumbani, ndio niende vitabuni.

Na hapo hapo nikuonye, kitara yetu na katar ya Kihindi yanafanana masikioni lakini ni vitu viwili, katar ni kisu cha kushika kwa ngumi, kina vyuma viwili vya kupitisha mkono katikati na unakisukuma mbele kama unapiga konde. Mgeni Mhindi akisoma kitara anaweza kufikiria hilo, kwa hivo maelezo mafupi yanasaidia.

Sayf maana yake nini? Upanga. Basi. Ndio lile lile jina Seif na Sefu, ambalo Malindi ukiita barabarani wanaume watatu watageuka. Na hili ndilo jambo ningependa ulishike kuliko yote, kwamba majina mengi tunayoyaona ya kitaalamu, huko kwao ni neno la kawaida kabisa. Shamshir kwa Wairani ni upanga, kilij kwa Waturuki ni upanga, talwar kwa Wahindi ni upanga, wowote ule. Wakusanyaji wa Ulaya ndio walichukua kila neno wakalifunga kwenye umbo moja, shamshir uwe ule mwembamba uliopinda sana, talwar uwe ule wenye kisahani kwenye mpini, na sasa neno likitumika kwa umbo lingine wanasema umekosea. Sudan ndio kiboko, upanga wao mnyoofu wenye msalaba duniani kote umejulikana kama kaskara, lakini Msudani wa kawaida ukimwambia kaskara atakushangaa, yeye anaujua kama seif. Kwa hivo usije ukaandika upanga wa shamshir ama upanga wa talwar, hapo utakuwa umeandika upanga wa upanga.

Yametupata hata sisi. Mwingereza alifika huku akasikia panga, akalibeba neno, leo liko kwenye kamusi zao kama jina la kisu kikubwa cha kufyekea. Hawakukosea sana, lakini wamechukua nusu. Sisi tuna upanga, silaha, wingi wake panga, alafu tuna panga, la shambani, wingi wake mapanga. Mashujaa wa tenzi hawakupigana na mapanga ya kufyeka nyasi. Ukiandika lebo kwa Kiswahili hii tofauti usiiache, andika upanga ukimaanisha silaha, na ukiwa na nyingi andika panga na uangalie vitenzi, panga hizi zimefuliwa, mapanga haya yamefuliwa, watu wanachanganya sana siku hizi hata kwenye magazeti.

Unaona kwa nini nasema majina si mapambo. Kuna lingine linaloniuma zaidi. Karne ya 19 vitabu vya silaha vya Ulaya vilichora silaha moja yenye mpini wa umbo la herufi H, vikaiita upanga wa Zanzibar. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Zanzibar mwenyewe mwaka wa 1856, kwenye kitabu chake cha panga cha 1884 akarudia jina hilo. Na silaha yenyewe ni ya Moroko! Inaitwa s'boula huko, haina undugu wowote na Zanzibar. Lakini jina lilikuwa limeshaandikwa, na miaka mingi baadaye wauzaji na wakusanyaji waliendelea kulinakili. Zanzibar ikapewa upanga ambao si wake, na Moroko ikanyang'anywa wake, kwa lebo moja tu. Hakuna aliyefikiria kumuuliza Mzanzibari huu mnauitaje.

Turudi kwa upanga wako. Nimeona karibu na mpini kuna alama za mwezi mchanga zimegongwa kwenye bapa. Alama kama hizo ziko kwenye bapa nyingi za Solingen, Ujerumani, ambazo ziliuzwa kwa wingi Arabuni, Sudan na pwani yetu, na mafundi wengine wa huku nao walizinakili. Kwa hivo inawezekana kabisa bapa lilizaliwa Ujerumani, mpini ukatiwa Muscat ama Unguja, na umri wote umeishi Malindi. Utauita wa nani? Mimi nafuata aliyeutia mpini na aliyeuvaa. Bapa ni kama kitambaa, aliyeshona ndiye anayesema hii ni kanzu. Andika: Upanga wa Kiomani, kwao huitwa sayf, bapa huenda ni la Ulaya. Hilo neno huenda liache, ni la ukweli, hadi mtu anayejua aushike mkononi.

Sime sitakaa sana. Sime ndilo neno letu na linajulikana Kenya nzima, bapa linalopanuka kuelekea nchani, ala ya ngozi nyekundu, na siku hizi nyingi zinafuliwa kutoka tupa kuukuu ama chuma cha springi za gari. Wamaasai wenyewe wanasema ol-alem. Kama ulinunua kwa Mmaasai, weka majina yote mawili, letu na lake, ni heshima tu. Ila uhakikishe ni ya Mmaasai kweli, manake Mkikuyu naye ana yake, anaita rũhiũ, na ala yake njora, na kumpa mtu kitu cha jirani yake ni kumkosea wote wawili.

Kris ya yule mgeni: jina la kwao ni keris, Java na visiwa vya jirani, na hapa sitaki uandike jambia la Indonesia, sababu umbo lake halina uhusiano na jambia. Watu wanafikiri keris lazima iwe ya mawimbi kama nyoka. Hapana, ziko keris nyoofu nyingi tu. Ikiwa na mawimbi, kila pindo linaitwa luk na hesabu yake huwa ya witiri, tatu, tano, saba, yako nimehesabu tisa. Yale maua maua ya chuma kwenye bapa yanaitwa pamor, yanatokana na kukunja vyuma vya aina mbili pamoja. Na Wajava wakiongea kwa lugha ya adabu hawasemi keris, wanabadilisha neno, wanasema dhuwung. Mimi hilo lilinigusa, kwamba kuna watu kisu kina jina la kawaida na jina la heshima, kama sisi tunavyobadilisha maneno tukiongea mbele ya mzee. UNESCO waliitangaza keris urithi usioshikika wa binadamu mwaka wa 2005. Usiisugue na brasso hata kidogo, utaifuta pamor yote.

Nimeiacha ya tano mwisho kwa makusudi. Ulisema huijui, na kwamba kuna mtu onlaini amekwambia ni silaha ya vita ya Kiafrika na yuko tayari kuinunua. Nimeikuza ile picha hadi mwisho. Bapa jembamba sana, limepinda, na katikati limeliwa, limebonyea, si kwa kutu, ni kwa kinoo, mtu amelinoa kila siku ya Mungu miaka na miaka hadi robo ya chuma imekwisha. Noleo, ile pete ya shingo ya mpini, ni kipande cha shaba kilichokunjwa kwa mkono. Msuka, ule mkia wa bapa unaoingia mpinini, ulilegea wakati fulani, mtu akaukaza kwa kuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Na mpini upande mmoja umelainika mweusi kwa jasho, upande wa pili bado una mikwaruzo ya kisu kilichouchonga. Silaha haichakai hivo. Hio ni kotama kaka, kisu cha mgema. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, na kila akipanda anakata karara, kile kichipukizi cha maua ya mnazi, kijisehemu chembamba kama karatasi ili tembo iendelee kutiririka kwenye kibuyu, na kama kisu hakina makali ya wembe anaharibu kole zima, lile tawi lote la maua, ndio maana kinoo hakikauki. Ulisema upande wa mama yako mnatoka Ganda, hapo karibu na Malindi, na Ganda wagema si wageni.

Yule anayetaka kuinunua ataiita upanga wa vita na ataiuza kwa jina hilo, na mwenye kuinunua atanakili, alafu baada ya miaka 50 itakuwa imeandikwa kitabuni kwamba watu wa Malindi walikuwa wakipigana kwa kisu cha kugemea. Usimuuzie. Itundike katikati, jambia na upanga vikae pembeni, andika: Kotama, kisu cha mgema, Ganda. Alafu mpigie simu mjomba wako mkubwa umuulize ni nani alikuwa anapanda nayo, jina lake ulitie hapo chini. Na muulize pia kwa Kigiriama wao waliiitaje, uniandikie, manake hilo nataka nilipate kutoka kwenye kinywa cha aliyeitumia. Usiinoe, na huo mpira wa tyubu usiutoe.